Jani moja, chai nyingi: kwako unayeanza kazi kiwandani

Mdogo wangu, wiki yako ya kwanza tu watu wa nyumbani watakuuliza: chai ya kijani inatoka kwenye mti gani? Wajibu bila kusita kwamba mmea ni ule ule, Camellia sinensis, unaouona Kericho, Mufindi na Tukuyu. Nyeusi, ya kijani, nyeupe, oolong, zote zinaweza kutoka kwenye shamba moja. Zinaachana baada ya kuchumwa, na hasa kwa muda ambao jani linaachiwa libadilike rangi.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha kuchachusha, kwa hiyo nianzie huko. Jina lenyewe linapotosha, maana hakuna hamira wala pombe humo. Kata parachichi uliache mezani, litageuka kahawia. Jani likisagwa hufanya hivyo hivyo: vimeng'enya vyake hukutana na polifenoli (kemikali za asili za jani) na hewa, kijani kikageuka rangi ya shaba, na harufu ya majani mabichi ikawa ya matunda. Kwenye chai ya CTC, inayosagwa kwa rola mbili zenye meno, moja ikizunguka takriban mara kumi kwa kasi ya mwenzake, kazi hii huchukua kama saa moja hadi mbili. Siku ya baridi huenda polepole, siku ya joto hukimbia. Kwa hiyo usiitegemee saa ya ukutani peke yake. Shika, nusa, tazama rangi. Mwaka wangu wa pili nilipiga soga na mwenzangu nikapitisha muda. Chai ikatoka na rangi nzito isiyong'aa, haina ukali wowote mdomoni. Bado naionea uchungu, kwa sababu kilo moja ya chai kavu hula zaidi ya kilo nne za majani mabichi, na kila jani mtu aliinamia kulichuma.

Kabla ya hapo kuna kunyausha, na wageni wengi huidharau kwa kuwa jani linaonekana limelala tu. Hulala saa 12 hadi 18 likipulizwa hewa. Pinda kikonyo: kikivunjika kwa mlio, bado, kikipinda kama uzi, liko tayari. Na magunia yakifika kutoka shambani, ingiza mkono hadi katikati. Ukikuta joto, jani limeanza kuiva humo ndani bila ruhusa yako, na hakuna mashine itakayolirudisha.

Chai ya kijani ni kinyume cha kazi yangu. Jani hupigwa moto mapema ili vimeng'enya vife: Wajapani kwa kawaida hutumia mvuke, Wachina mara nyingi hulikaanga kwenye karai. Ndiyo maana haitaki maji yanayotokota. Yaache yapoe hadi karibu nyuzi 80, la sivyo itakuwa chungu nawe utalaumu kiwanda. Kuchacha kwa oolong ya Fujian na Taiwan husimamishwa njiani. Nyeupe ni machipukizi yenye manyoya, hunyaushwa na kukaushwa, basi.

Chai ya zambarau inawachanganya wengi. Hiyo ni aina ya mche, si njia ya kutengeneza. Watafiti wa Kenya waliutoa kwa wakulima mwaka 2011 kwa jina TRFK 306, na majani yake unaweza kuyafanya chai nyeusi au ya kijani. Mchaichai na rosela ni vinywaji vizuri, lakini si chai kwa maana ya kiwanda.

Chai ikishakauka na kubaki na maji karibu asilimia 3, huchekechwa kwa madaraja: BP1 ya punje kubwa, kisha PF1, PD na D1 zinazozidi kuwa ndogo. Usidhani punje ndogo ni takataka. Ndizo zinazotoa rangi haraka kwenye sufuria ya chai ya maziwa.

Sasa fanya hivi. Mwombe msimamizi wako sampuli za mkupuo mmoja, zilizokaushwa baada ya dakika 40, 60, 80 na 100 za kuchacha. Pima gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, acha dakika 6, chuja. Onja bila maziwa wala sukari, ukianza na ya dakika 40, na andika ulimi ulichosema kabla hujamuuliza mwonjaji.