Kabla hujasaini gemu yako iuzwe duka moja tu

Wiki iliyopita kijana mmoja anayetengeneza gemu ya kompyuta aliniandikia. "Kaka, kuna duka linataka gemu yangu iuzwe kwao peke yao miezi 12, baada ya hapo niko huru kuipeleka ninakotaka. Wananipa pesa ya uhakika hata kama haitanunuliwa nakala moja. Wamenipa siku 10 za kufikiria. Nisaini?"

Nilimjibu kwa swali moja tu: ukurasa wa gemu yako umeshaufungua kwenye duka jingine? Mpaka sasa hajajibu. Wakati namsubiri nimeona niandike yale ambayo mimi sikupata mtu wa kuniambia, maana mkataba wa namna hiyo nimeusaini, pesa yake nimeila, na kuna mtu mmoja ambaye hadi leo sijaweza kumwangalia usoni.

Tulikuwa watatu. Gemu yetu ilikuwa ya mlinzi wa mnara wa taa anayeongoza meli usiku, na ilitula miaka minne. Ukurasa wake ulikaa wazi kwenye duka kubwa kuliko yote kwa miezi 14, na watu 31,000 walikuwa wameiweka kwenye orodha zao za gemu wanazozisubiri. Kwa asiyeijua kazi hii, orodha ile ndiyo akiba ya mtengenezaji. Siku gemu inatoka, duka lenyewe linamtumia kila mmoja wao ujumbe kwamba ile kitu yako imefika. Hakuna tangazo la kulipia linalofikia hapo. Nilikuwa naamka asubuhi naitazama ile namba kabla sijanawa uso.

Wiki kumi kabla ya kutoa gemu, duka jingine likatutafuta. Silitaji jina, na mkataba wenyewe haunipi ruhusa. Tulikuwa na miezi saba bila mshahara. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshauza kompyuta yake ya pili na anachora kwa zamu na mimi, yeye usiku, mimi mchana. Kiasi walichotaja kingetulipa watatu sisi miaka miwili. Sitasema uongo, nilipoisoma ile barua nilitoka nje nikalia. Siku ya tatu tukasaini.

Ili uelewe kwa nini duka linamwaga pesa namna hiyo, rudi nyuma kidogo. Steam, ambalo ndilo duka kubwa kuliko yote la gemu za kompyuta, ilianza Septemba 2003, wenye nalo, kampuni ya Valve, wakiitumia kusambazia apdeti za gemu zao wenyewe. Mwaka uliofuata gemu yao ya Half-Life 2 ilipotoka, hata aliyenunua diski dukani alilazimika kuiwasha kupitia Steam. Watu walilalamika sana wakati ule, jambo ambalo wengi wanaoitetea leo hawalijui au wamelisahau. Wakazoea, wakaweka humo marafiki zao, picha zao, na maktaba zao za miaka. Mchezaji mwenye gemu 300 sehemu moja hahami kwa sababu jirani amefungua duka zuri zaidi.

Desemba 2018 Epic, kampuni nyingine ya gemu, wakafungua duka lao wakichukua asilimia 12 ya mauzo, wakati kiwango kilichozoeleka kilikuwa asilimia 30. Siku chache kabla ya hapo Valve walikuwa wametangaza punguzo: asilimia 25 gemu ikivuka mauzo ya dola milioni 10, na asilimia 20 ikivuka milioni 50. Sisi wa watu watatu punguzo lile tulilisoma kama habari za ukoo mwingine. Ila asilimia 12 peke yake haikuwahamisha wachezaji, kwa sababu mchezaji haioni. Anayeiona ni mtengenezaji. Duka jipya halikuwa hata na kikapu cha kununulia gemu kadhaa kwa mkupuo mmoja mpaka mwishoni mwa 2021. Njia ya haraka ya kumleta mchezaji ikawa ni kushikilia gemu anayoitaka. Kwa gemu ya Control, kampuni iliyoichapisha ililipwa na Epic euro milioni 9.49. Hiyo ndiyo bei ya kumfanya mtu afungue akaunti mahali ambapo hakutaka kwenda.

Sasa hesabu, na naomba uifanye kwa kalamu. Gemu ya dola 20 kwenye duka la asilimia 30 inakuachia dola 14. Kwenye duka la asilimia 12 inakuachia 17.60. Inapendeza. Lakini ina maana duka dogo likiuza nakala chini ya 80 pale ambapo kubwa lingeuza 100, umeshapata hasara. Ndiyo maana wanakupa pesa ya uhakika, kufidia pengo hilo, na wala si zawadi. Tena pesa ile ni mauzo yako mwenyewe uliyolipwa mapema. Robo mwaka ya kwanza baada ya kutoka, taarifa yetu ya mauzo ilionyesha nakala zimeuzwa, na chini kabisa, kwenye mstari wa kiasi tunachodai, palikuwa na sifuri. Robo ya pili, sifuri. Duka lilikuwa linajirudishia pesa yake kwanza. Mkataba ulisema hivyo waziwazi, kwenye ukurasa wa nne, na mimi niliusoma ukurasa wa nne nikiwa na furaha kiasi kwamba maneno yalipita tu.

Hilo la pesa nimelisamehe. Kilichonikaa rohoni ni kifungu cha ukimya.

Duka lilitaka kutangaza lenyewe, jukwaani, pamoja na gemu nyingine. Kwa hiyo tangu siku tuliyosaini mpaka siku ya tangazo tulifungwa mdomo wiki tano. Ukurasa wetu wa zamani ulibaki wazi, watu wanaendelea kujiandikisha, wanaendelea kuuliza, na sisi tunaendelea kujibu. Kulikuwa na mchezaji mmoja aliyetujaribia demo, lile toleo fupi la majaribio, tangu mwanzo. Alishawahi kutuandikia kurasa sita za makosa, na ndiye aliyegundua kwamba kwenye hatua ya tatu mwanga wa taa ulikuwa unapenya mwamba, meli zinaona njia mahali zisipopaswa kuiona. Kosa hilo lilitupita sote watatu mwaka mzima. Wiki ya pili ya ukimya wetu aliuliza: "Siku ile ile ya kutoka nitaipata hapa hapa, sivyo?" Niliandika jibu, nikalifuta, nikaandika tena. Nililotuma mwisho ni hili: "Tutaonana siku hiyo."

Tangazo lilipotoka, matusi yalianza ndani ya dakika chache. Yako yaliyotutakia kifo. Wawili waliotengeneza gemu ya Ooblets walipitia jambo hilo hilo mwaka 2019 baada ya kutangaza mkataba wa namna hii, na nasema bila kumung'unya maneno: hakuna gemu duniani inayompa mtu haki ya kumtumia mwenzake maneno yale. Yale niliyafuta na nimeyasahau. Ujumbe wa yule mjaribu wetu haukuwa na tusi hata moja. Aliandika, "Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu wasubiri." Basi. Hakuandika tena.

Ndani ya wiki moja watu 9,000 waliitoa gemu yetu kwenye orodha zao. Mwaka ule wa mkataba siusimulii, ulikuwa wa kurekebisha hitilafu na kungoja. Tuliporudi kwenye duka kubwa miezi 12 baadaye, habari ilikuwa imeshapoa, waliokuwa na hamu walishaona gemu nzima ikichezwa kwenye video, na maoni ya kwanza kabisa pale chini yalizungumzia ile ahadi. Gemu yenyewe haikutajwa. Mauzo ya wiki ya kwanza hayakufika nusu ya tulichotegemea.

Sasa nisikilize vizuri, maana wengi wakinisoma mpaka hapa wanadhani nasema usisaini. Sijasema. Pesa ile ilitulipa madeni, ilimrudishia mwenzetu kompyuta yake, na ndiyo iliyozaa gemu yetu ya pili, ambayo najivunia kila mstari wake. Hakuna mwenye njaa anayepaswa kuona aibu kwa kupokea malipo halali ya kazi yake. Tatizo letu lilikuwa mpangilio. Tuliahidi kwanza, kisha tukaiuza ahadi.

Tazama gemu ya Hades. Desemba 2018 ilitangazwa na kuanza kuuzwa usiku huo huo, kwenye duka la Epic tu, ikiwa bado inatengenezwa. Hakuna aliyekuwa ameahidiwa mahali pengine. Mwaka mmoja baadaye ikaingia Steam, Septemba 2020 ikakamilika, na ikasifiwa sana. Halafu tazama Metro Exodus: Januari 2019, wiki chache kabla ya kutoka, ikaondolewa kwenye mauzo ya Steam. Waliokuwa wamelipia walipewa gemu yao, lakini Valve waliandika pale pale kwenye ukurasa kwamba kuondolewa huko hakukuwa haki kwa wateja, na hasira ikawaka kila kona. Gemu ya Phoenix Point ilichangiwa pesa za kuitengeneza na watu walioahidiwa nakala ya Steam au ya duka jingine, GOG, kisha Machi 2019 wakaambiwa mwaka wa kwanza ni Epic. Waliodai wakarudishiwa pesa. Shenmue III nayo vile vile: watu walioichangia tangu 2015 walipolalamika, Epic wakabeba gharama za kuwarudishia. Mkataba ni wa aina moja kote huko. Tofauti ni nani alikuwa ameshaambiwa nini.

Utaniambia gemu ya Satisfactory nayo ilikuwa na ukurasa Steam, ikaondolewa, ikarudi Juni 2020 na ikapendwa mno. Kweli. Ilikuwa gemu ya kipekee iliyoendelea kukua miaka, na watengenezaji wake walikuwa na uwezo wa kuvumilia. Usipange maisha yako kwa kutegemea kwamba wewe ndiye Satisfactory.

Kwa hiyo ushauri wangu: kama unahisi utauza upekee wa muda, yaani haki ya duka moja kuuza gemu yako peke yake, amua kabla hujafungua ukurasa popote. Kama hujamwahidi mtu, saini kwa moyo mweupe. Kama umeshaahidi, pesa waliyokutajia ipunguze kichwani mwako kwa thamani ya wale wote wanaokusubiri, ndipo uitazame tena. Na kifungu cha ukimya kikatae. Hiki usikubali hata wakiongeza pesa. Waambie unataka kuwaeleza watu wako siku hiyo hiyo unayosaini, kwa maneno yako mwenyewe, kwenye ukurasa wako mwenyewe. Mchezaji anaweza kumsamehe mtu mwenye shida ya pesa. Kujibiwa na mtu anayemficha jambo hawezi kukusamehe, na hakosei.

Angalia pia miezi inahesabiwa kuanzia lini. Ikianzia siku gemu inapotoka na wewe ukachelewa miezi sita, kifungo kimerefuka miezi sita. Uliza kama ukurasa wako kwenye maduka mengine unaruhusiwa kubaki wazi kipindi hicho. Na uliza wanajirudishia pesa yao kutoka kwenye mauzo yote au kutoka kwenye fungu lako tu, maana mstari wenye sifuri unaweza kudumu mwaka au usifike mwezi kwa sababu ya neno hilo moja.

Halafu jua kwamba siku hizi upekee si mkataba wa aina moja. Mwaka 2023 Epic walitangaza mpango ambao gemu ikiuzwa kwao tu miezi sita, mtengenezaji anachukua asilimia 100, bila pesa ya mbele. Tangu Juni 2025 hawakati kitu kwenye dola milioni moja ya kwanza ya kila gemu kwa mwaka. Microsoft nao, kwenye duka lao la gemu za kompyuta, walishuka hadi asilimia 12 mwaka 2021. Ushindani huu umetusaidia sisi wadogo, na wanaoulaani wasisahau hilo. Aprili 2019 Tim Sweeney, mkuu wa Epic, alisema hadharani kwamba Steam wakiwaachia watengenezaji wote asilimia 88 bila masharti makubwa, Epic wangeacha kutafuta mikataba ya upekee. Steam hawakufanya hivyo. Kwa hiyo ofa za namna hii zitaendelea kuja, na zitakukuta siku huna kitu mfukoni, kwa sababu ndiyo siku zinapokubalika.

Ndugu yangu, usisome mkataba ukiwa na njaa. Mpe mtu asiye na mgawo ndani yake akusomee, kwa sauti, kifungu kwa kifungu. Mimi nilisoma peke yangu, usiku, na nilichokuwa nakiona ni namba moja tu.

Nikiwa naandika hapa, kijana amejibu. Ukurasa anao, ameufungua miezi mitano iliyopita, na wanaosubiri ni 6,200. Kifungu cha ukimya kipo, wiki nane. Nimemwambia awaandikie duka leo kwamba anataka kifungu hicho kitoke na ukurasa wake ubaki, kisha anipigie kabla hajagusa kalamu. Zimebaki siku nne.