Kabla ya kuikariri "put", isikilize "piga"

Swali la wiki lilituuliza: "Ni kipi katika Kiingereza kilichokusumbua hata baada ya kumaliza shule, nawe ulikipatia njia gani?" Kwangu ni vile vitenzi vifupi vyenye mkia: "put off", "look into", "give up". Na siku vilipoanza kunisumbua naikumbuka vizuri.

Nilikuwa mgeni kazini. Msimamizi wangu alinipa ripoti ya kurasa kumi na mbili, akaniomba niipitie kabla ya jioni. Alisema "look it over". Niliisoma mstari kwa mstari, nikasahihisha hesabu mbili zilizokosewa, kisha nikamwandikia: "I have overlooked the report." Nilidhani nimemwambia kwamba nimeipitia. Kumbe nimemwambia kwamba ripoti ilinipita tu machoni, sikuishughulikia. Maneno ni yale yale mawili, lakini "over" ikitangulia ni kutotilia maanani, ikifuata nyuma ni kukagua. Alinijibu kwa ukali, na iliniuma sana, maana kazi nilikuwa nimeifanya, tena kwa uangalifu.

Shuleni tulifundishwa "postpone" (kuahirisha), "tolerate" (kuvumilia) na "investigate" (kuchunguza). Ni maneno mazuri, ila ukikaa na wenye lugha utasikia zaidi "put off", "put up with" na "look into". Chanzo kimojawapo ni historia. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala kwa miaka mingi, na maneno ya Kifaransa na Kilatini yakajaa mahakamani, kanisani na vyuoni. Vile vitenzi vifupi vikabaki vinywani mwa watu. Hata sisi hali hiyo tunaijua. Tuna "kuahirisha", lililotoka kwenye Kiarabu, na tuna "kusogeza mbele". Yote mawili ni kitu kimoja, ila kila moja lina mahali pake.

Nilijaribu kukariri orodha. Chini ya "put" niliandika "put on", "put off", "put out", "put down" na "put up with", na baada ya siku tatu zote zilikuwa zimechanganyika kichwani. Sishauri mtu yeyote apite njia hiyo.

Kilichonisaidia ni "piga". Tunapiga simu, pasi, mswaki, deki, rangi, kura, magoti na hodi. Mgeni anayejifunza Kiswahili hutafuta kipigo kiko wapi, hakioni. Sisi hatukukariri hata moja. Tulizisikia mahali pake, mtu akiwa ameshika pasi au amesimama mlangoni. Nikajiambia, kama sikio langu liliweza kubeba "piga" zote hizo, "put" haiwezi kulishinda.

Tangu hapo nikawa nasikiliza ule mkia. "Off" mara nyingi ina kitu kinachobanduka au kutengana na kingine: "take off" ni kuvua, "cut off" ni kukata, "drop off" ni kumshusha mtu njiani, "set off" ni kung'oa nanga. Kiswahili kazi ya namna hiyo huifanyia mwishoni mwa kitenzi chenyewe: bandika na bandua, funga na fungua, vaa na vua. "Up" nayo si juu kila wakati. Kwenye "eat up" na "use up" ni kumaliza pasibaki kitu. Sisi tunasema "tupilia mbali" na "potelea mbali", na hakuna anayeuliza ni mbali kiasi gani.

Kuna kanuni moja ambayo ningependa kila mwanafunzi aijue mapema. Unaweza kusema "turn off the light" au "turn the light off". Lakini ukitumia "it", lazima ikae katikati: "turn it off". "Turn off it" ni kosa. Niliishika kanuni hiyo siku nilipotazama neno "nitaizima". Ile "i" ya taa imejibana katikati ya kitenzi, kama "it" ilivyojibana kati ya "turn" na "off". Tahadhari: si vyote vinavyokubali kutenganishwa. "Look after" (kutunza) haiachani, kwa hiyo ni "look after him", basi.

Kwenye nahau, mambo ni matamu zaidi, na hatari ni kubwa zaidi. Mwingereza anayetoboa siri anamwaga maharage, "spill the beans", na sisi tunaonyana tusimwage mtama penye kuku wengi. Ukikutana na mapacha kama hao unafurahi. Lakini kuna mapacha wa uongo. Niliponyimwa nafasi ya masomo nilimwandikia rafiki kwamba "my heart is broken". Nilitaka kusema nimevunjika moyo, yaani nimekata tamaa. Yeye akaelewa kwamba nimeachwa na mpenzi au nimefiwa, akanitumia pole ndefu ya kunifariji. Neno nililohitaji lilikuwa "discouraged". Kwa hiyo nahau inayofanana mno na yetu ndiyo ninayoihakiki mara mbili. Na zile za "raining cats and dogs", zinazopendwa sana kwenye vitabu vya mazoezi, sizipi muda mwingi. Kuzielewa kunatosha, kwani ni nadra kuzisikia kwenye mazungumzo.

Daftari langu sasa limepangwa kwa matukio. Ukurasa wa simu una "pick up", "hold on", "get through", "cut off", "hang up" na "call back", kila moja ndani ya sentensi niliyoisikia, na pembeni nimeandika nani alikuwa akimwambia nani. Juzi mazungumzo yalikatika katikati. Mwenzangu alipopiga tena, nilimwahi: "Sorry, we got cut off." Lilitoka lenyewe, kama ambavyo ningesema simu ilikatika.

Bado "get" inanitesa. "Get by", "get over", "get along" na "get away with" sijaziona zinakutana wapi. Msomaji aliyeipatia njia, tafadhali aandike kwenye ukurasa huu. Nitasoma.