Jibu: Vipaumbele vya Tanzania ikiongoza SADC, vya nchi au vya jumuiya?

Habari ndugu. Nimekuelewa: msimamizi wako hapo Dodoma amekurudishia pendekezo kwa kuwa umechanganya vipaumbele vya Tanzania na vya SADC yenyewe (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika), katika mwaka ambao Tanzania ilikuwa mwenyekiti, Agosti 2019 hadi Agosti 2020.

Angalia kwanza kaulimbiu ya mwaka ule: viwanda, biashara ndani ya kanda, ajira. Usikimbilie kuandika kwamba hiyo ni “Tanzania ya viwanda” tu, yaani kaulimbiu ya serikali yetu wakati ule. Mkakati wa viwanda wa SADC ulipitishwa Harare 2015 na unakwenda hadi 2063, kwa hiyo mwenyekiti hupokea kijiti mbio zikiendelea. Na maamuzi ni ya maafikiano.

Alama yetu hasa ni Kiswahili, kilichopitishwa kuwa lugha rasmi ya nne mkutano ukiwa Dar es Salaam. Hapo ningechimba.

Mimi huweka hotuba ya bajeti ya Mambo ya Nje iliyosomwa bungeni kando ya tamko la wakuu wa nchi. Jambo lililojaza kurasa kwenye hotuba, kwenye tamko likapata mstari mmoja, mara nyingi ni ajenda ya nchi. Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, zipo tovuti ya Bunge, huna haja ya kupanga foleni getini.

Nafasi ambayo Tanzania ilipata Agosti 2024 iache. Ile ni ya uenyekiti wa Asasi ya Siasa, Ulinzi na Usalama ya SADC, kiti kingine kabisa.