Bunduki ya kukodi

Mhariri, mmeuliza kama Kenya ikikaza zaidi sheria ya bunduki, ujambazi wa Nairobi utapungua. Ukali mbona tunao tayari? Raia hamiliki bastola bila leseni, na mwishoni mwa 2018 hata wenye leseni waliamriwa kukaguliwa upya. Wizi wa mabavu una hukumu ya kifo tangu miaka ya 1970, tena bila kuhitaji bunduki: panga linatosha, au kuwa wawili tu. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwapunguzia watu zaidi ya 4,000 hukumu ya kifo ikawa kifungo cha maisha. Kitanzi hakikuwatisha hao wote.

Mimi nafunza vijana mpira Dandora, hapa Nairobi. Mwaka 2011 beki wangu wa kushoto alifaulu Darasa la Nane, akaitwa sekondari, karo ikakosekana. Tulichanga tukashindwa. Akaokota chupa jaani, akawa makanga, kisha akaanza kurudi usiku na pesa ambazo hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Hakuwahi kumiliki bunduki. Alikuwa akiikodi jioni na kuirudisha alfajiri, pamoja na fungu la mwenye bunduki. Siku aliyopigwa risasi hakuwa nayo. Alikuwa na miaka 19. Bunduki ilibaki kwa mwenyewe, ikingoja kijana mwingine.

Huyo mwenyewe ndiye ningetaka sheria imwandame. Silaha zinavuka kutoka Somalia na Sudan Kusini, zinapita vizuizi vyote vya barabarani hadi zifike kwetu, na nyingine zinatoka mikononi mwa watu waliokabidhiwa kutulinda. Mwaka 2016 serikali ilichoma bunduki zaidi ya 5,000 kule Ngong, nami nilifurahi kwa dhati. Lakini anayekodisha hajulikani jina, huku kijana anayekodi anajulikana mtaa mzima.

Tena huku kwetu hata watoto wanajua maana ya bonoko: bunduki bandia inayowekwa na polisi kando ya maiti ili marehemu aonekane jambazi. Ukikua ukijua hivyo, nani atakushawishi kwamba kuwa mwema kutakukinga?

Siku hizi timu yetu ina kisanduku cha karo. Tunachanga kila Jumapili baada ya mechi. Muhula huu tunalipia watatu. Wa nne ni kipa, ana alama nzuri kuliko wote, na bado tunamtafutia shilingi 6,000.