Stoki mpya imegoma Kongowea tu

SWALI: Tuna maduka 3 ya vipuri: Changamwe, Likoni na Kongowea. Tulipoweka toleo la 4 la programu ya stoki, Kongowea pekee haikutoa risiti. Fundi anasema toleo hilo linataka maktaba ya data (msimbo ambao programu nyingine huutegemea) ya 2, na programu ya printa yetu ya zamani hutumia ya 1. Je, akili bandia inaweza kutupangia matoleo? Yahitaji mashine kubwa?
Msomaji, Kongowea

JIBU: Laptopu ya ofisini inatosha. Kinachokufaa ni tawi la kale la akili bandia, mantiki. Zypper, programu ya kusakinisha programu nyingine kwenye mfumo wa kompyuta wa openSUSE, huchagua matoleo kwa njia hiyo tangu 2008.

Kila toleo unaligeuza kauli: limewekwa, au halikuwekwa. Kwenu kanuni ni hizi. Stoki 4 ikiwepo, maktaba 2 lazima iwepo. Printa 1 ikiwepo, maktaba 1 lazima iwepo. Maktaba 1 na 2 hazikai pamoja. Ukizifuata hadi mwisho, stoki 4 na printa 1 haziwezi kukaa kwenye kompyuta moja, hata uiwashe upya mara mia. Fundi wako hakukosea kuweka. Mchanganyiko wenyewe hauwezekani. Tafuteni programu ya printa inayokubali maktaba 2, muiandike kama printa 2.

Kwa programu 3 kichwa kinatosha. Zikifika 20, kila moja na matoleo 4, michanganyiko inapita trilioni 1, na hapo ndipo kisuluhishi, yaani programu inayotafuta mchanganyiko unaotimiza kanuni zote, kinapohitajika. Anza na kisuluhishi kiitwacho clingo, ni cha bure na kanuni zake zinasomeka.

Wengi hukwama pawili. Wanasahau kuandika kwamba stoki na printa lazima ziwepo, basi kisuluhishi kinaleta jibu la kutoweka chochote, na kwa kanuni ulizokipa jibu hilo ni sahihi kabisa! Au hawasemi wanapendelea nini, kikabadilisha programu 9 pale ambapo 1 ingetosha. Kiambie kipunguze mabadiliko.

Kikisema hakuna jibu, ondoa kanuni moja moja ukijaribu tena. Ile ambayo ukiitoa jibu linapatikana ni sehemu ya mgongano.

Jibu likipatikana, andika namba kamili za matoleo kwenye faili moja, uihifadhi kwa Git (programu ya kutunza kila badiliko la faili), na kila duka lisakinishe kutoka humo. Kongowea waanze, kwa kuwa printa yao ndiyo ngumu.