Anza na mawe ya Dodoma, ndipo uende Kolo na Isimila

Wengi wanaoniuliza kuhusu makumbusho ya mambo ya asili huku Kanda ya Kati hutarajia jengo kama la Makumbusho ya Historia Asilia, lile la Boma la Arusha. Huku hazina yetu imetawanyika, na kwa uzoefu wangu wa kuzunguka na wanangu, unapoanzia pana uzito kuliko idadi ya sehemu utakazofika. Anza na mawe.

Mjini Dodoma, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) ina makumbusho ya miamba na madini. Kazi ya upimaji wa jiolojia ilianzishwa mwaka 1925, na bado watu wengi wa mjini hawajaingia humo hata mara moja. Inaniuma. Nenda siku ya kazi, asubuhi, na kitambulisho chako. Kama una wanafunzi, tanguliza barua. Watoto watakimbilia tanzanaiti, waache, kisha waulizie vito vya nyumbani: krisopresi ya Haneti, ambayo ukijani wake unatokana na nikeli, na rubi ya Winza kule Mpwapwa.

Halafu kaeni kwenye matale, yaani graniti. Ndiyo yale majabali yaliyozagaa Dodoma nzima, ambayo tunajenga nyumba katikati yake na kuanikia nguo juu yake, na umri wake unazidi miaka bilioni 2. Mkitoka nje, mpe mtoto kipande ashike. Mwonyeshe kwatzi inayong'aa, felspa iliyofifia, na vipunje vyeusi vya maika. Usimharakishe hapo, maana jicho hilo ndilo atakalosafiri nalo.

Kolo iko kaskazini ya mji wa Kondoa, kandokando ya barabara kuu ya Babati. Kata tiketi kwenye ofisi ya pale na upande na mwongozaji. Michoro ya miambani ya Kondoa ni Urithi wa Dunia tangu 2006, na mapango yenye michoro yanazidi 150. Usitake kuyamaliza. Mapango ya Mungomi pekee yanatosha kwa siku moja ukiwa na watoto, kwani kilima kina mwinuko mkali. Wanangu walipowaona watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, mkubwa aliniuliza, "Baba, huu wekundu si ule wa mawe yenye chuma?" Ndivyo ulivyo. Msiguse ukuta, wala msimwagie maji mchoro ili utoke vizuri kwenye picha; maji huuharibu. Tena wenyeji bado wanafanya matambiko hapo, basi mwongozaji akisema msiingie, msiingie.

Isimila, kilomita kama 20 kutoka Iringa kwa barabara ya Mbeya, watu huiendea kwa ajili ya zile nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mmomonyoko. Ni nzuri kweli, ila mimi ningekaa zaidi kwenye shoka za mawe za watu wa kale. Baadhi zimechongwa kwa matale, na mtoto aliyepita Dodoma atayatambua kabla hajaambiwa.

Barabara ya kutoka Dodoma kupitia Mtera ni ya lami. Lala Iringa, ushuke kwenye korongo la Isimila asubuhi na viatu vinavyoshika, maana mchana hakuna kivuli, na mvua ikinyesha njia huteleza.