Unga wa jongoo bahari na magoti ya mama

Swali: Mama yangu ana baridi yabisi, na kila asubuhi hushika ukuta ndipo asimame. Muuzaji mmoja hapa Umoja, Nairobi, ameniuzia kopo la unga wa jongoo bahari akidai unaondoa uvimbe. Je, aache vidonge vya hospitali?

Jibu: Tafadhali asiviache. Ni kweli kwamba wanyama wa baharini wana kemikali zinazotuliza uvimbe: mwaka 1980 wanasayansi walieleza manoalidi, iliyopatikana katika sifongo wa Bahari ya Pasifiki, ambayo huzuia kimeng'enya kinachochochea uvimbe mwilini. Viambato vya jongoo bahari navyo vimetuliza uvimbe katika panya wa maabara, lakini kutoka kwa panya hadi kwenye goti la mama ni mbali mno. Chenye ushahidi zaidi kwa binadamu ni omega-3 ya samaki wenye mafuta, ambayo hupunguza kwa kiasi maumivu na ukakamavu wa asubuhi, ikitumiwa pamoja na dawa. Mpikie vibua. Kopo hilo mwonyeshe daktari kwanza, hasa ikiwa mama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwa kuwa jongoo bahari ana kiambato chenye kazi hiyohiyo.